Shuka za Jumanne

Fundi Bomba hakumwamini Mungu wala watu wake, na hakumung'unya maneno. Mkewe alipopooza, bibi mmoja wa kanisani akawa anakuja kila Jumanne kumfulia shuka. Fundi akasema moyoni, huyu ana lake jambo. Ili amkomeshe, akaficha sabuni. Jumanne iliyofuata bibi akaja na yake, akafua, akaanika, akaaga. Mahubiri hakuna! Ikawa hivyo miaka miwili, mpaka mke akafariki, na bibi naye akaugua, akawa hainuki kitandani.

Jumanne moja fundi alijikuta mlangoni kwa bibi, ile sabuni aliyoificha iko mfukoni. Alipomaliza kufua, akamwomba amfundishe kusali. Mwaka huohuo akabatizwa. Leo anafulia wagonjwa sita.

Juzi mume wa mgonjwa mmoja alimkunjia uso. "Huyo Mungu wako, mbona hakumponya mkeo?"

Fundi aliendelea kusugua, mikono imezama kwenye povu.

"Hata mimi namuuliza kila nikipiga magoti, ndugu yangu," alisema, "na hajanijibu. Nipe na hiyo foronya."