Mti Alioubandua Shemeji

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, haambiliki. Siku moja kule Ugalla tulikuta asali kwenye ufa wa jabali, katikati ya genge, na kwa kuwa mimi ni mwepesi, ikaamuliwa nishuke kwa kamba. Tulikuwa na kamba moja ndefu na gunia, basi.

Nilipofika juu, tayari alikuwa ameifunga kwenye mti mmoja ukingoni. Shina lake halikuwa na gome kuanzia magotini hadi kifuani. Gome hilo alilibandua mwenyewe mwaka juzi kutengenezea mzinga, na mti ukibanduliwa hivyo unakufa umesimama. Mchwa walikuwa wameshaanza kuupanda.

"Huu mti umekufa," nikamwambia.

"Si umesimama? Sema unaogopa, shemeji."

Nilipandwa na hasira. Nikaifungua kamba. Nikaizungusha kwenye mti mbichi, chini kabisa karibu na mizizi, ncha yake nikaifunga kwenye mti mwingine nyuma yake, ili mmoja ukiachia, wa pili unishike. Ukingoni nikatandika gunia, jiwe lisije likaikata kamba. Muda wote huo ananicheka, eti nafunga ng'ombe.

Nikamtupia miguuni ncha nyingine ya kamba.

"Haya, turudi kwenye mti wako. Ila unashuka wewe."

Akaniangalia. Akauangalia mti wake, na wale mchwa. Kisha mgongo ukaanza kumuuma.