Mkono Niliokwenda Nao kwenye Mtihani

Nilitaka kuwa nesi, nikaukosa unesi kwa sababu ya harusi. Nikisema hivyo watu wanacheka. Wacheke tu, mimi nimeshazoea.

Chuo nilichokitaka kilikuwa na mtihani wake wa kujiunga, wa kuandika, saa tatu nzima. Baba alishasema: nafasi ni moja. Nikifaulu nitasoma, nikifeli nitakwenda kutafuta kibarua kwenye viwanda vya Kwala kama wenzangu, na mjadala umefungwa. Baba yangu hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Pale mtaani kwetu Picha ya Ndege, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa akiishi nesi mstaafu ambaye mtaa mzima tulimwita Sista. Kwa miezi minne nilikwenda kwake kila mchana nikishamaliza kuosha vyombo. Ananikalisha barazani, ananikazia macho. "Mtoto anaharisha, macho yameingia ndani. Unafanya nini?" Nikibabaisha, anagonga meza. "Keshakufa huyo! Anza upya." Mungu wangu, nilimchukia yule mama, na kesho yake naamka nataka kwenda tena. Kufikia mwezi wa nne nilikuwa sibabaiki. Nilikuwa nimeiva, na sisemi hivi kwa kujisifu.

Siku mbili kabla ya mtihani ikaangukia harusi ya binti wa shangazi yangu, huko Mzenga. Kwetu bibi harusi hapakwi piko peke yake. Binamu zake wa kike ambao hawajaolewa wanakaa naye mkekani na wanapakwa kutoka bakuli lile lile. Anayekataa ana kijicho, ndivyo watakavyosema, na watasema mpaka siku ya kumzika.

"Usiende," Sista aliniambia. "Harusi haziishi duniani."

"Watasema nina roho mbaya, Sista."

"Si waseme! Una mtihani wewe."

Nikaenda.

Piko yenyewe ilikuwa ile ya siku hizi, dawa ya nywele ya unga inayokorogwa na maji, maana hina ya majani inachelewa kukolea na watu wana haraka zao. Pakiti niliiona, na maandishi yake nikayasoma. "Shikamoo shangazi," nikasema, "mbona hii ni ya nywele?"

"Marahaba. Tumejipaka hii tangu wewe hujui hata kujifunga kanga. Lete mkono."

Wenzangu wakaanza kunitania, ooh, daktari kaja, tukae kimya. Nami nikacheka nao, nikanyoosha mkono wa kulia. Nilipakwa maua kuanzia kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko, na walisema yamenipendeza kuliko bibi harusi.

Jumapili, siku ya harusi, mkono ulianza kuwasha. Jumatatu asubuhi umevimba, na kila ua lililochorwa limeinuka malengelenge, unaweza kuhesabu majani yake. Kalamu sishiki. Shangazi aliutazama akapiga yowe. "Jicho hilo! Watu wameshajua unakwenda kusoma!" Akanisomea dua, akanipaka mafuta ya nazi. Na mimi nilijua kabisa kwamba ule ni mzio. Nilijua unatokana na nini, na kwamba nilitakiwa kwenda zahanati saa ile ile. Nilikaa kimya kama zuzu nikapakwa mafuta, kwa sababu yule ni shangazi, dada wa baba, na shangazi habishiwi. Mpaka leo nikikumbuka ule ukimya wangu natamani kujizaba kofi.

Jumanne niliingia kwenye mtihani na mkono umefungwa kitambaa. Msimamizi aliuliza nimefanya nini. Nikamwambia piko. Akasema, "Na unataka uwe nesi?" Akaniwekea karatasi.

Niliyasoma maswali yote na nikayajua yote. Nikashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Nilizaliwa mtu wa shoto mimi, lakini bibi yangu aliufunga mkono ule kwa kipande cha kanga mwaka mzima mpaka ukaacha kushika kijiko na kalamu, eti ni mkono wa chooni. Sasa nauomba uniandikie. Herufi zinapanda na kushuka. Muda ulipoisha nilikuwa kwenye swali la nne, na yalikuwa kumi. Nililia pale pale kwenye dawati, kwa sauti, sikujali nani ananiona.

Jina langu halikutoka. Baba alisema, "Nilisema moja," na mwezi uliofuata nilikuwa Kwala, nafungasha bidhaa kwenye maboksi. Shangazi alipiga simu kunipa pole. "Haikuwa riziki yako, mwanangu." Nikamjibu ahsante shangazi. Ahsante! Sista nilimkwepa karibu mwaka mzima, napita njia ya nyuma nisionane naye.

Mwaka jana waliniita tena Mzenga, anaolewa binti mwingine wa shangazi, yule mdogo. Nikafika nikakuta mkeka umetandikwa, unga umeshakorogwa, binti amekaa na mikono amenyoosha. Nikasema safari hii, tena mbele ya watu wote. Nikawaeleza ile dawa inafanya nini kwenye ngozi, nikapandisha mkono wa gauni nikawaonyesha makovu.

Shangazi hata hakuinua kichwa. "Ungekuwa nesi tungekusikiliza," alisema. "Si ulifeli wewe?"

Wakacheka, na bibi harusi naye akacheka.

Nililichukua lile bakuli nikatoka nalo uani, nikalimwaga lote chini. Nyuma yangu makelele, laana, nani kamleta huyu mwenye kijicho. Sikugeuka. Tangu hapo Mzenga sialikwi. Lakini yule mtoto aliolewa na mikono mitupu, na hadi leo mikono yake ni mizima.