Chakula Kabla ya Habari

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya jibini, mwanangu. Mpaka leo nikipita mtaa wa Kansanga karibu na mkahawa ule wa Muitaliano, naziba pua kama mtu anayepita jalalani, na watu hunishangaa. Wewe umekuja hapa umenuna kwa sababu wenzako walijua jambo wakakuficha. Kaa kwanza nikusimulie, kisha utanuna vizuri.

Nilikuwa bado kijana, mke wa mwanajeshi, tukiishi kambini. Mume wangu Okot alikuwa ametumwa nchi ya mbali kulinda amani. Rafiki zangu walikuwa wawili: Akello, ambaye mumewe alikuwa karani hapo hapo kambini, na Sifa, mshonaji wa mtaa wa Kisugu, mkimbizi kutoka Kongo, mwanamke wa kucheka mpaka anashika mbavu. Mchana mmoja wakaja wote wawili kwangu. Sifa akasema amepata kazi kubwa ya kushona sare za shule, kwa hiyo leo anatupeleka kwa Muitaliano. Nikavaa gauni jekundu. Mwanangu, nilipaka hata rangi ya midomo.

Ilikuwa nyumba ndogo nyuma ya ua, meza chache, vitambaa vya mirabaraba, na tanuri la matofali likiwaka kuni pembeni. Nilikula tambi zilizochanganywa na samaki wa ziwani Ggaba, ndefu kama hotuba ya mbunge, na juu yake nikala piza. Sifa alikuwa akihamishia vipande vyake kwenye sahani yangu. Nilipomuuliza mbona hali, alisema, "Kula, dada. Miye nilishaka kula ku nyumba." Akello alikuwa anazungusha uma tu. Nikajipiga picha nikamtumia Okot kwa simu. Alama ya ujumbe ikatokea moja, ya pili, ya kuonyesha umemfikia, haikuja. Nikawaambia huko aliko mtandao ni wa kubahatisha. Akello akainuka akaenda msalani, akakaa huko sana.

Waliponirudisha nyumbani jua lilikuwa halijazama. Nilifungua mlango nikamkuta shangazi yangu, dada wa baba, amekaa chini kwenye mkeka. Shangazi hakuwa mtu wa kuja bila taarifa, na hakuwahi kukaa chini nyumbani kwangu. Sikuhitaji kuambiwa. Okot alikuwa ameuawa tangu jana yake, na habari ilikuwa imefika ofisini asubuhi.

Ndiyo desturi yetu sisi wa kambini: mwanamke hapewi habari ya kifo tumbo likiwa tupu. Mlishe kwanza, maana baada ya hapo chakula hakitapita kooni kwa siku nyingi. Niliijua desturi hiyo tangu utoto, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi niliona jambo moja tu, kwamba nilikuwa nikicheka kwa midomo myekundu na mume wangu yumo ndani ya sanduku. Sifa alipokuja matangani kunishika mkono, nilimwambia mbele ya watu kwamba amenilisha kama mbuzi wa Krismasi. Aliondoka. Akello nilimsamehe mapema, yeye alikuwa mtu wa kwetu. Sifa nilimfungia mlango. Ndivyo tulivyo, mwanangu, hasira yetu humtafuta yule aliye mbali na ndugu zake.

Shangazi naye alikuwa mjane wa vita. Siku moja nilipomlalamikia tena juu ya Sifa, aliweka chini ungo aliokuwa akipetea mchele. Akanisimulia kwamba yeye aliambiwa asubuhi, kwenye bomba la maji, hajatia kitu mdomoni, na mtoto mchanga mgongoni. Maziwa yakakauka. Mtoto hakufika mbali. Nilikuwa nimelelewa na shangazi yule na sikuwahi kusikia kwamba kulikuwa na mtoto huyo. Kisha akaniuliza:

"Hao rafiki yako, siku ile, walikula nini?"

Nikakumbuka sahani ya Sifa na uma wa Akello.

"Wao walikaa na kifo mezani, ili wewe ukae na bwana yako kidogo tena. Na wewe unatukana."

Ningekwenda Kisugu siku ile ile. Sikwenda. Niliona haya, na haya ikikaa sana hugeuka kiburi. Miaka ikapita, shangazi naye akafa, mpaka Akello akaja kuniambia kwamba Sifa ni mgonjwa wa ini. Daktari alikuwa amemwambia kaka yake kwamba haponi, na kaka hakuwa na moyo wa kumwambia dada yake. Nikasema nitakwenda mimi.

Nilipita kwa Muitaliano nikanunua piza, nikapanda boda na boksi la moto mapajani. Sifa alikuwa amebaki mifupa na macho. Alinitazama, akatazama boksi, akacheka kile kicheko chake, ila safari hii hakuwa na nguvu ya kushika mbavu. Ya zamani hatukuyagusa. Nilimkatia vipande vidogo, nikampa umbea wa kambini, naye akala taratibu. Vya kwangu nikawa navisogeza upande wake. Akaniuliza mbona sili. Nikasema nimeshakula nyumbani.

Akaacha kutafuna.

"Ile maneno ni yangu, dada," alisema. "Ni miye nilikuambiaka."

Nikainamisha kichwa. Nilitaka kumwomba radhi, kwa la zamani na kwa la siku ile, machozi yakanitangulia. Sifa akachukua kipande, akakiweka kiganjani mwangu.

"Kula basi. Usiniache nikule peke yangu."

Tukala, mwanangu, jibini pamoja na machozi, mpaka boksi likaisha. Tulimzika kabla mvua hazijakatika.

Basi sikiliza. Hasira ni hasara, umeimba hivyo tangu shule, lakini hasara yenyewe hujaiona. Wenzako wakikuficha jambo, kabla hujawafungia mlango kumbuka nyuso zao: nani hakula, nani aliinuka mezani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kuna dhiki ambayo rafiki huibeba kabla wewe hujajua kuwa ni yako. Wakikukosea, waambie. Ila usimwache mtu asubiri neno lako mpaka abaki mifupa. Na zamu yako ya kubeba habari mbaya itakapofika, maana itafika, mlishe mwenzako, lakini nawe ule naye, hata kama chakula kinashuka kama mchanga.

Nenda sasa, ukawagongee mlango. Mungu akujalie watu watakaokaa nawe mezani hali wanajua, na siku ya kuwahitaji aicheleweshe sana, mwanangu, sana.