Tulivyolia Kwenye Mahema ya Jebel

Nikisikia harufu ya turubai jipya lililochomwa na jua, kwanza moyo unaniruka, halafu mate yananijaa mdomoni. Mume wangu ananicheka kwa hilo. Tukienda harusini wenzangu wanamtazama bibi harusi, mimi nanusa hema. Acheni niwasimulie ilivyokuwa, na msinicheke kabla sijamaliza.

Ilikuwa miaka ile baada ya amani kutiwa saini, Juba ikijaa wageni kila siku na vyumba vya kuwalaza havipo. Sisi tulikuwa tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi Kenya, tukapanga chumba mtaa wa Hai Malakal. Mama alikaanga chapati mbele ya ua. Baba, ambaye ni mpishi, alipata kazi nyuma ya mlima wa Jebel Kujur, mahali ambapo wachimba mawe walikuwa wameacha shimo kubwa, mvua ikalijaza, na tajiri mmoja akaliita ziwa. Kando ya maji hayo tajiri alitaka kusimamisha mahema ya kulaza wageni wenye pesa. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye aliyeishi hemani miaka yote ya ukimbizi hakuamini kwamba mtu mwenye akili timamu angelipa alale humo.

Baba aliondoka akiwa na homa. Alisema ni malaria ya kawaida tu, akameza vidonge, akapanda lori la mbao. Wiki zikapita bila neno lolote. Kule nyuma ya mlima simu hazikushika.

Jumanne moja akaja Okello, Mganda aliyekuwa akipeleka maji kule kwa lori. Hakuzima hata injini.

"Mama Keji, watu ya kule nasema wewe kuja Jumamosi na watoto. Vaa nguo mzuri."

Keji ndiye mimi.

"Kwani kuna nini?" Mama akauliza. "Baba Keji mwenyewe ndiye amekutuma?"

"Mimi hapana ona yeye. Watu ya kule tu nasema, kuja."

Akaondoka na vumbi lake. Mimi nilirukaruka kwa furaha. Mama akageuza chapati yake.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu ajabu. Mama alitununulia soda bila kuombwa. Mdogo wangu Taban alimwaga unga wote wa asubuhi na hakuchapwa. Tuliachwa tucheze uani mpaka giza lilipoingia, na mara mbili tatu nilimwona Mama amesimama mlangoni akitutazama tu. Nikadhani amechoka.

Jumamosi tulivaa nguo za kanisani, tukapanda boda mpaka soko la Jebel, kisha tukashika njia ya miguu kuuzunguka mlima. Mama, ambaye hapiti mbele ya muuza nyanya bila kubishana naye, alipita soko zima kimya. Jua lilikuwa kali na viatu vyangu vilinibana. Tukapinda kona ya mwisho, na hapo nikayaona maji ya kahawia na kando yake mahema meupe, makubwa, yamepangwa mstari.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Kwetu hema kubwa likisimamishwa na viti vya plastiki vikapangwa mbele yake, mara nyingi huo ni msiba. Bika, ndivyo wasemavyo Juba. Tena habari ya msiba haitumwi wazi. Huambiwi fulani amekufa, unaambiwa njoo, basi. Mtoto wa miaka minane anayajua hayo yote. Niliona viti, nikaona masufuria makubwa motoni na wanaume wa mashati meupe wamesimama mikono nyuma, nikakumbuka ile homa.

"Mama, hii ni bika?"

Taban ndiye aliyefurahi. "Nyama mingi!" akasema.

Msiba kwetu unaingiwa kwa kilio. Mama akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kutoka pale kwenye kamba ya lango, akimwita Baba kwa jina lake. Nami nikalia kwa nguvu zangu zote, nalia kwelikweli, kwa sababu nilimpenda sana baba yangu. Taban akaangusha kiatu, akalia pia.

Wale wenye mashati meupe wakatawanyika. Kutoka hema la jiko akatoka mbio mtu aliyevaa koti la mpishi, amekonda, mwiko mkononi. Alikuwa Baba. Alinishika kichwa, akamshika Taban, akatutazama miguu na mikono.

"Nani amekufa?" akauliza. "Semeni! Nani?"

Mama akamkodolea macho. "Si wewe!"

"Mimi?"

"Wewe!" Akampiga ngumi za kifuani, akicheka na kulia, mpaka kofia ya Baba ikadondoka.

Kumbe wageni wa kwanza walitarajiwa wiki iliyofuata, na tajiri alitaka wafanyakazi wake wafanye mazoezi. Kila mmoja alikuwa ameambiwa aite familia yake ije kulishwa na kulazwa kama wageni. Ujumbe wa Baba ulipita midomo ya watu kadhaa, na ulipomfikia Okello ulikuwa umebaki wito tu wa kuja, bila sababu.

Sijapata kula kama siku ile. Hema letu lilikuwa na kitanda, zulia, na taulo iliyokunjwa kwa umbo la bata, ambayo Taban alikataa kujifutia. Alifungua na kufunga zipu ya mlango mpaka akasinzia ameishika. Mama alikaa juu ya shuka zile nyeupe akisema hema hili ni la wazimu, na kila Baba alipotoka kwenda jikoni alimfuata.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mama alishtuka kwenye ile kona, sawa na mimi. Juzijuzi tu, tukikumbushana na kucheka mbele ya wanangu, ndipo aliposema kwamba alikuwa amemzika Baba moyoni tangu Jumanne, tangu Okello alipofungua mdomo. Kicheko kikanikauka. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia, akaubeba mzigo ule peke yake siku zote zile.

Alikuwa akichagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ningewaambiaje? Mlikuwa mnacheza."