Mpishi wa Dawa ya Ndevu

Mzee Madatali hakuuza dawa. Ninalisema hili mwanzoni kwa sababu watu wa kanisa letu huku ughaibuni, mtaa wa Malvern, wakimsimulia husema aliuza, na si kweli. Aligawa. Angekuwa anauza, angeweza siku moja kufunga na kusema basi, nimechoka. Lakini anayegawa akifunga mlango, watu huulizana amekasirishwa na nani.

Yeye na mkewe Nurjehan walikaa mtaa wa Don Mills, ghorofa ya kumi na moja. Nurjehan alikuwa amepigwa kiharusi. Upande wake wa kushoto ulilala, mdomo haukulala hata siku moja. Shangazi yangu Kwamboka ndiye aliyekuwa akienda kumwogesha, kumvalisha na kumpangia vidonge vyake kwenye kile kisanduku chenye vyumba saba vya siku saba. Jumamosi alinichukua na mimi, maana hakupenda nibaki peke yangu nyumbani. Tulipanda mabasi mawili. Nikifika nilikaa karibu na dirisha, na hakuna aliyenisemesha sana.

Chupa ilikuwa juu ya kabati la vyombo, tupu, kioo cha kahawia. Ilikuwa na picha ya Mzungu mwenye ndevu hadi kifuani. Shangazi aliiona Novemba ya mwaka 2008, wiki yake ya kwanza pale, akaacha kukunja taulo.

"Haki ya Mungu! Si hii ni Dawa ya Ndevu?"

Mzee Madatali alitoka jikoni. "Unaijua?"

"Naijua? Nyanya yangu aliificha chini ya kitanda! Shule zikifungwa tu, tunapangwa mstari, kila mtoto kijiko. Aliinunua Kisii mjini, kwa Mhindi."

"Huyo Mhindi aliinunua Kisumu," alisema mzee. "Kwa baba yangu."

Niliuona uso wake. Alikuwa ameishi mji huu miaka thelathini na tano, mingi akiwa amesimama kiwandani akikagua nati za magari, moja moja, hii nzuri, hii mbaya. Sidhani kuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za duka la baba yake. Siku hiyo alizungumza mpaka Nurjehan akamwambia amwache Kwamboka afanye kazi.

Dawa yenyewe zamani ilikuja kwa meli kutoka Uingereza. Ilikuwa ya enzi za yule malkia mzee wa huko, wa karne ya kumi na tisa, wakati kila chupa kule ilikuwa na daktari wake wa kuchora na iliahidi kuponya kila kitu kuanzia unyayo hadi utosi. Vita vya dunia vilipokuja meli zikakatika. Baba yake Madatali alikuwa na chupa tupu stoo nzima na wateja mlangoni, basi akaanza kuzijaza mwenyewe. Akachapisha na karatasi ya Kiswahili ya kubandika. Mzee alikuwa nayo bado, imekunjwa ndani ya pasipoti ya zamani. Ilisema dawa inaponya kichwa, mgongo, damu chafu, minyoo, homa, wivu, huzuni na udhaifu wa wanaume.

"Na unakumbuka ilivyopikwa?" shangazi aliuliza.

Hapo ndipo alipopaswa kusema hapana. Alisema, "Nakumbuka."

Wiki iliyofuata chupa ya kwanza ilikuwa tayari, na karatasi ya baba yake imetolewa fotokopi na kubandikwa. Shangazi alikwenda choo mara tatu siku ile, akarudi kila mara akisema imeanza kusafisha. Jumapili akasimulia kanisani. Kufikia Krismasi kengele ya mlango wa chini ililia kila Jumamosi: mara Macharia mwenye mgongo, mara Nkatha asiyelala, mara mtu ambaye hakuumwa kitu, alitaka tu kuonja utoto wake. Sufuria ikawa mbili. Ukitoka kwenye lifti ulikutana na harufu ya sukari iliyoungua.

"Daktari Madat," Nurjehan alimtania kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, "leo umewafufua wangapi?"

Mzee alicheka, lakini nilikuwa nimeona jambo moja. Tangu Novemba, mkewe hakuwahi kupewa hata kijiko. Yeye alipewa vidonge vya hospitali, kwa saa, bila kukosa.

Jumamosi moja ya Februari shangazi alikuwa akimwosha Nurjehan miguu. Alipoinuka, akashika ukuta. Kisha akakaa chini sakafuni, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Kichwa," alisema. "Naona vimulimuli."

Tulimlaza kwenye kochi. Mzee alileta mashine ya Nurjehan ya kupimia presha, akamfunga mkono. Ikaandika mia mbili na kumi na nne. Akapima tena. Ikawa ile ile.

"Kwamboka, vidonge vyako vya presha umekunywa leo?"

"Leo?" Shangazi alifumba macho. "Niliacha tangu Desemba."

"Umeacha! Nani kakwambia uache?"

"Wewe. Si imeandikwa kwenye chupa."

Mzee alichukua chupa jikoni akasoma mstari wa mwisho kabisa, ule wa herufi ndogo: *Anywaye dawa hii ni marufuku kutumia dawa nyingine yoyote.* Alikuwa ameitoa fotokopi mara ngapi, sijui. Alikaa chini.

"Hiyo ilikuwa kwa ajili ya Anverali," alisema.

"Anverali ni nani?"

"Wa duka la pili. Naye aliuza dawa zake. Baba hakutaka wateja waende kwake, basi. Kwamboka, sikiliza. Hii ni sukari. Sukari ya kuungua, tangawizi na mdalasini."

"Sukari gani inayosafisha tumbo?"

"Ni sanamaki, majani ya kuharisha. Baba alisema mtu akienda choo mara tatu, ameshaamini."

"Kwa hiyo inafanya kazi."

"Haifanyi! Hakuna dawa humo!"

Shangazi alifungua jicho moja. "Ni Macharia, sivyo? Amekuja kusema nachukua chupa mbili."

"Hakuna aliyesema kitu."

"Basi ni mwanao Rafiq. Watoto wakisoma huku, kila cha nyumbani ni uchafu. Mzee, kama zimepungua sema zimepungua. Usitukane dawa ya nyanya yangu."

Niliinuka pale dirishani, nikasema. "Shangazi, Mama Nurjehan hajawahi kuinywa. Hajampa."

Nilifikiri sasa ameelewa.

"Ni kwa sababu karatasi haikutaja kiharusi," alijibu, akageukia ukutani.

Mzee alimbembeleza aende hospitali. Alikataa: aende akaambiwe nini, arudishiwe vidonge vile vile alivyokatazwa? Akasema atapumzika, kisha anywe vijiko viwili badala ya kimoja. Mzee alisimama katikati ya sebule na ile mashine mkononi, hajui aiweke wapi.

"Madat," Nurjehan aliita kwa sauti ya chini. "Njoo hapa. Ukweli ameukataa. Mpe kitu atakachokubali."

"Nimdanganye tena?"

"Umemdanganya tangu Novemba. Leo mdanganye kwa faida yake."

"Halafu nitaacha lini, Nuri?"

"Hilo hukuniuliza ulipowasha jiko."

Alikwenda mezani akaandika. Akachana, akaandika tena. Kisha akamwendea shangazi na karatasi, na uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa uso wa mwenye duka.

"Kwamboka, dada yangu, nisamehe. Nimekumbuka. Baba alikuwa na karatasi ya pili, ya wenye presha tu. Hao walikuwa na masharti yao."

Shangazi akainuka kidogo. "Masharti gani?"

"Dawa haifanyi kazi bila kidonge cha hospitali. Kidonge kwanza, kisha kijiko, asubuhi na jioni. Akiacha kidonge, dawa inamgeukia. Na akishaanza, lazima hospitali wampime siku hiyo hiyo."

"Sasa hayo ndiyo hukusema tangu mwanzo!" Shangazi alikuwa na hasira ya kweli. "Ungeniua!"

"Ningekuua," mzee alisema.

Vidonge alikuwa navyo mkobani, paketi nzima. Alimeza kimoja, kisha akafungua kinywa kama mtoto, akisubiri kijiko. Mzee alimmiminia. Nilimwitia teksi, tukaenda hospitali, wakamweka mpaka jioni.

Kufikia Aprili presha ilikuwa imeshuka, na daktari akampongeza. Shangazi alisimama kanisani akatoa ushuhuda, si wa vidonge. Baada ya hapo watu walikuja Don Mills na vidonge vyao vya kila rangi, wakimuuliza mzee kipi kinatangulia kijiko. Aliwajibu wote jibu moja: fuata hospitali. Sanamaki alikuwa ameshaitoa. Wengine wakalalamika kwamba siku hizi haisafishi.

Mwezi wa Mei Rafiq alipiga simu kutoka Pickering, mji wa jirani. Alikuwa amepata nyumba yenye chumba cha chini, mama yake aweze kutoka nje kwa kiti chake, aone bustani, akae na mjukuu wake Zara. Nurjehan alikuwa ameweka sikio karibu na simu. Shangazi naye alikuwa pale, anamchana nywele, na kitana kikasimama.

"Ukihama, Mzee, mimi itakuwaje?" alisema polepole. "Pickering nafika vipi? Na bila kijiko kile kidonge si kitu."

Mzee Madatali alimtazama mkewe. Nurjehan alitazama mikono yake, ule mzima umeushika ule uliolala.

"Mwambie Rafiq mwaka huu hapana," alisema.

Mzee akamwambia. Kisha akarudi jikoni, kwa kuwa sukari ilikuwa imeanza kupanda na kengele ya chini ilikuwa inalia.