Nyayo za Mgeni Hazifagiliwi

Nilipokuwa mtoto, mgeni akitoka kwetu hakuna aliyegusa ufagio hadi kesho yake. Ukifagia nyayo zake zikiwa bado mbichi, nyanya alisema, umemfunga njia, hatarudi tena. Na hapa Goma nyayo zinaonekana. Tunaishi juu ya mawe ya volkano, na vumbi lake jeusi halimfichi mtu.

Nyanya ndiye aliyenilea, hapa Majengo. Mama alikuwa ameolewa mara ya pili huko Kalengera, na mume mpya hakutaka mtoto wa mwanaume mwingine. Watu wa hivyo wapo wengi, na Jumapili wanakaa benchi la mbele.

Siku moja mama akaja, baada ya miaka miwili. Nilikuwa na miaka tisa. Nilisimama mlangoni nikingoja aniite. Nyanya akamtangulia.

"Mutoto, letea mugeni kiti."

Nilimwangalia mama, nikingoja alikatae neno lile. Akaketi, akasema, "Aksanti." Akala sombe, akaniuliza niko mwaka wa ngapi shuleni, kama anavyoulizwa mtoto wa jirani. Saa kumi akaondoka kutafuta gari.

Hakuwa amefika barabarani nikachukua ufagio. Mwiko sikuusahau, niliukumbuka vizuri sana. Nilifagia kutoka kwenye kiti chake hadi langoni. Nyanya alinikuta nimemaliza.

"Unajua umefanya nini?"

"Nimefagia mugeni."

Hakunipiga. Ingekuwa afadhali anipige.

Mama hakurudi. Mvua zilizofuata, alifariki akijifungua. Nimesoma shule ya msingi tu, lakini najua ufagio wa Majengo hauui mwanamke Kalengera. Nimelijua hilo tangu nikue, na kulijua hakujanisaidia kitu.

Mwaka huu mwanangu, anayeishi Uhispania, alinipigia simu kwamba anamleta binti yake wa miaka tisa. Sikuwahi kumwona, na mtoto mwenyewe anajua Kihispania tu. Nilitaka neno moja la kumpokelea. Nikaenda parokiani kwa masere mmoja, mtawa wa huko huko Uhispania.

"Masere, mugeni munamuitaka je kwenu?"

"Mugeni gani, mama? Mwenye umealika ni *invitada*. Mwenye anapita kusalimia tu ni *visita*. Mwenye analala kwako, *huésped*."

"Na mutoto ya mutoto wangu?"

"Sasa huyo ni mugeni?"

"Hajakanyaga kwangu hata siku moja. Nimuite nini?"

Masere akacheka. "Ukimuita *huésped*, atakaa kama *huésped*. Hapo usichague hata moja. Sema *mi nieta*. Mujukuu wangu."

Wiki nzima nilichambua maharagwe nikilirudia neno hilo, hadi jirani yangu Mama Furaha akaniuliza kama ninasali.

Wakavuka mpaka kutoka Gisenyi, wakafika. Mtoto alisimama langoni na viatu vyeupe, akiangalia ardhi yangu nyeusi. Mama Furaha, mwepesi kama kawaida yake, akainuka.

"Ngoja niletee mugeni kiti."

"Acha hicho kiti," nikamwambia. "Mugeni ni wewe."

Nikamwambia mtoto, "*Mi nieta*." Akamwangalia baba yake, kisha akanijibu maneno marefu ambayo sikuelewa hata moja. Nikayaitikia yote kwa kichwa. Alikaa siku kumi na moja. Alilala kitandani kwangu, akinipiga mateke. Tulikuwa tukila tukiangaliana, nikimsogezea samaki, akinirudishia miiba.

Leo ni wiki ya tatu tangu waondoke. Uwanjani mvua imemaliza kila kitu, lakini barazani, chini ya bati, bado kuna nyayo za viatu vidogo, kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi.

"Mama, baraza imechafuka hivi," Mama Furaha aliniambia jana. "Unangoja nani akufagilie?"

Nilimwambia ashughulike na baraza yake. Mjukuu si mgeni, nimelisema kwa kinywa changu mwenyewe, basi mwiko haumhusu. Hata hivyo ufagio sijaugusa.