Kaka Ndani ya Shiraa

Ilianza Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Rajabu, saa tatu za asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka ndani kwetu nikichambua mchele, na bibi yangu yuko kando akisinzia, pale shangazi wa bibi arusi wa kaka yangu alipopanda ngazi bila kupiga hodi mara ya pili. Mimi nikaingia nyuma ya pazia kama nifanyavyo sikuzote akija mgeni. Nina miaka kumi na saba, na bado nikiamkiwa na mtu nisiyemzoea hujibu miguu yake.

"Nimekuya kuuliza neno moya tu," akasema. "Kijana wenu mtamnyolea wapi? Barazani, au mtatandika uwandani? Vijana wa kwetu wataka kuya kuimba."

Kwetu Amu, yaani Lamu, bwana arusi hunyolewa mbele ya watu. Huketishwa kitini, akavishwa leso mpya mabegani, ngoma ikapigwa, jamaa wakamzunguka, na kinyozi akazipitia ndevu zake polepole huku watu wakimtunza pesa. Ni siku ya furaha kuliko hata ile ya nikahi. Na kaka yangu, mwenye miaka ishirini na miwili, hana hata unywele mmoja wa kidevu. Sauti yake ni kama yangu. Akisoma Kurani ndani, jirani huuliza ni binti yupi anayesoma vizuri hivyo.

"Mwezi uandame kwanza," bibi akasema.

"Uandame mara ngapi? Au hana cha kunyolewa?" Yule shangazi akacheka. Nadhani alikuwa akitania tu. Lakini bibi naye alicheka, akacheka sana, kicheko kirefu kupita mzaha wenyewe, na mimi nyuma ya pazia nikahisi shingo yangu inawaka moto. Mgeni alipoondoka bibi hakunitazama. Alichukua ungo wangu akaanza kuuchambua upya mchele niliokwisha kuuchambua.

Si kwamba hatukuwa tumetafuta dawa. Tangu baba na mama kufariki, bibi ndiye aliyetulea, naye hakuacha mlango asioubisha. Mwalimu mmoja alisema ni jicho la mtu, akamwandikia kombe, kaka akanywa wino wa zafarani mwezi mzima. Kule Pate mganga alisema ni pepo wa kike amempenda hataki akue, akataka mbuzi, na pepo akala mbuzi asitoke. Kisha mwuza dawa mmoja wa sokoni akampa mafuta ya kupaka kidevuni, yanukayo, bibi alisema, kama samaki wa juzi. Kaka hakulalamika harufu. Aliyapaka mpaka ngozi ikavimba na kubambuka, akaenda msikitini amejifunga kilemba mpaka mdomoni, na mtu akamuuliza kama amekuwa Mwarabu wa jangwani au anaumwa jino. Siku hiyo alirudi akalala kifudifudi. Nilimletea uji nikauweka mlangoni nikakimbia, kwa kuwa sikujua niutazame uso wake namna gani.

Baada ya ule ujio wa shangazi ndipo bibi aliposikia habari za tabibu mmoja mgeni, mzee, aliyefikia nyumba ya ghorofa karibu na pwani pamoja na mkewe. Alisifiwa kwa maradhi ya wanaume. Hapo ndipo palipokuwa na tabu. Kwa kuwa alijulikana kwa hayo, mwanamume yeyote aliyeonekana akipanda ngazi yake alikuwa ameshatangazwa.

"Siendi," kaka akasema. "Nikipanda pale, alasiri watu wote wa barazani watajua, na magharibi watajua mpaka watu wa Shela."

Bibi akasema, "Utakwenda ndani ya shiraa. Na huyu dada yako."

Shiraa ni ile nguo yetu kubwa iliyotiwa miti, mfano wa hema, ambayo wanawake wa majumba makubwa huenda ndani yake wakitoka, mmoja mbele na mmoja nyuma wakiichukua, ili asionekane mtu. Siku hizi wengi wameiacha, lakini bibi angali na ya mama yake. Wanaume wakiiona hugeuka ukutani wapishe. Hakuna anayethubutu kuuliza nani yumo.

Kaka alivaa kanga za bibi na ukaya wa kuficha uso, na miguuni mitawanda ya bibi, vile viatu vya mti, visigino vikining'inia nje. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Yeye alinitazama akasema, "Ukiteka nitarudi ndani." Sikucheka.

Wachukuzi walikuwa wanawake wawili waliokuwa wa nyumba yetu zamani na sasa wana nyumba zao, huja wakiitwa. Hawakuambiwa kitu. Lakini miguu huonekana chini ya nguo, na yule wa nyuma alikuwa na macho.

"Bi mkubwa yeo miguu yake imekuwa mirefu," akasema.

"Nyamaza, tazama ndia," akajibu wa mbele.

"Natazama ndia, ndiyo maana naiona."

Tulipita mtaani hivyo, koko, koko, koko, mitawanda ikigonga mawe. Penye baraza moja tuliwasikia vijana wakisimama kutupisha. Nilizitambua sauti. Ni rafiki za kaka, aliosoma nao chuo cha Kurani. Wakadhani tumeshapita mbali.

"Arusi ya mwenzetu yaja. Kinyozi atanoa wembe ama atauacha nyumbani?"

"Aje na kitambaa tu, amfute jasho!"

Wakaangua kicheko. Tulikuwa bega kwa bega ndani ya ile nguo, giza, joto, harufu ya udi wa zamani, na nilihisi bega la kaka linakuwa gumu. Mimi niliona haya kama kwamba nimecheka pamoja nao, kwa kuwa niliyasikia na yeye akajua nimeyasikia.

Mke wa tabibu alitupokea, akatuketisha nyuma ya pazia. Tabibu alikaa upande wa pili, na nikaona kwa upenyo kwamba ametupa mgongo kabisa. Mtu wa heshima. Kwake yeye zilikuwa zimeingia kanga mbili zilizotoka katika shiraa.

"Karibuni, binti zangu," akasema kwa Kiswahili cha mbali. "Mgonjwa ni yupi?"

"Ni miye," kaka akasema, kwa sauti yake hiyo.

"Umeolewa, binti yangu?"

Nilingoja kaka amsahihishe. Yeye akasema, "Arusi i karibu."

"Alhamdulillahi. Na ada yako ya kila mwezi huja kwa wakati?"

Mimi nilitamani sakafu ifunguke. Kaka akasema, "Haiji."

Na tabibu akaendelea, kwa upole, kwa kirefu, akimwuliza kijana mwanamume mambo ambayo mimi mwenyewe sijaulizwa na bibi yangu. Kaka akijibu la, hapana, bado. Kila jibu lilikuwa kweli. Kisha tabibu akaanza kumtajia mkewe dawa za kumfungia: uwatu, habasoda, mzizi wa kuchemshwa, unywe asubuhi kabla ya kula. Nikafahamu kwamba kaka ataichukua. Ataibeba nyumbani ile dawa ya kuwatia wanawake damu, na ataimeza yote, na atamwambia bibi ametibiwa, ilimradi asilazimike kusema neno moja kwa kinywa chake. Na mwezi ukiandama ataketishwa kitini.

Nikamvuta kanga. Akanifinya mkono, maana yake nyamaza.

Sijawahi kusema na mwanamume asiye wa nyumbani kwetu. Marehemu babu, aliyenisomesha Kurani, kisha nahau, kisha fikhi mpaka mlango wa nikahi, alikuwa akisema nina akili ya kadhi na sauti ya panya. Nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka:

"Bwana tabibu, huyu ni kaka yangu."

Kaka aliuachia mkono wangu. Nilijua amekasirika, na sikujuta, lakini haya ilinishika mpaka masikio yakavuma.

Tabibu hakucheka. Alisema, "Basi nimemuuliza maswali ya watu wengine. Mama, mchukue binti ndani." Mkewe akanishika bega akanipeleka chumba cha pili, akanipa kahawa na halua. Alikaa nami akishona kofia, asiniulize kitu. Nampenda kwa hilo.

Tuliitwa baada ya kitambo. Pazia lilikuwa limefunguliwa. Kaka amevua ukaya, amekaa na zile kanga, kichwa wazi, macho mekundu. "Na akae asikie," akamwambia tabibu, akinionyesha mimi. "Nimechoka kuwa nalo peke yangu."

Tabibu alitazama sakafu akaniuliza, "Ni kweli kaka yako hasikii harufu?"

Nilishangaa. Nikamwambia ni kweli, tangu utoto. Aliwahi kuketi jikoni mpaka wali ukawa makaa na yeye yuko pale pale, bibi akamchapa kwa uvivu. Udi na moshi wa taka kwake ni kitu kimoja. Hatukupata kuona kwamba hayo na kidevu ni jamaa.

"Mwalimu wangu alinionyesha mtu wa namna hii nilipokuwa kijana," akasema. "Pua haisikii, na mwili hukaa utotoni. Huzaliwa navyo vyote viwili. Si jicho, si pepo, wala si dhambi ya mtu."

"Dawa yake?" kaka akauliza.

"Sina."

"Aliye nayo ni nani?"

"Simjui. Mtoto mwanamume hukomazwa na kitu ambacho mwili wake wenyewe hukitengeneza, kikaenda pamoja na damu. Wako haukitengenezi. Ningekuwa nacho ningekupa. Atakayekuuzia chupa akasema kimo humo, mwambie akinywe yeye."

Kaka akauliza, "Na watoto?"

"Usitumai, mwanangu. Nisikudanganye." Kisha akaongeza, taratibu, "Afya unayo, akili unayo. Lakini nje ya nyumba yenu yuko mtu mmoja mwenye haki ya kulijua jambo hili kabla ya nikahi."

Nilijua. Nilisomeshwa na babu. Nilikuwa nikilijua tangu Jumatano ile nyuma ya pazia, na nilikuwa nikijifanya mtoto asiyeulizwa.

Tulirudi kwa shiraa ile ile. Nyumbani bibi alikuwa amesimama juu ya ngazi.

"Amekupa nini?"

"Hakunipa kitu, bibi."

"Hakukupa kitu! Basi huyo si tabibu. Yuko mwengine kijiji cha Mbwajumali, wasema amemfanya mzee wa miaka sabini kuvyaa watoto pacha. Kesho tutamtumia mtu, ashuke aje—"

"Bibi," kaka akasema. "Huyu ndiye tuliyekuwa tukimtafuta. Simtaki mwengine."

"Na arusi?"

Kaka akavua ile mitawanda, akaiweka miguuni pake. Bibi akaketi kwenye ngazi, akajifunika kanga uso wote. Alisema humo ndani ya kanga kwamba waume wengi huoa wakiwa hivi hivi na mambo hujitengeneza, na kwamba hii ni siri ya nyumba, na ikitoka yeye atakufa. Nilimhurumia. Niliona haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya kaka, na kidogo, sitaficha, kwa ajili yangu, kwa kuwa nani atakuja kuniposa mimi kutoka nyumba yenye habari hii?

Baada ya magharibi kaka alinikuta kwenye tanuri nikigeuza mkate.

"Umenikasirikia?" nikamuuliza.

"Nilikukasirikia mpaka tuliporudi penye baraza la wale vijana. Pale tena nikachoka." Akachutama. "Nikimwambia baba wa mchumba wangu, atawaambia ndugu zake, nao watawaambia watu wote wa muyi huu. Nikimwambia shangazi yake, ni yale yale. Weye mulisoma naye chuo kimoja. Mwambie yeye mwenyewe. Aamue yeye. Chochote atakachoamua, nitawaambia watu kwamba miye ndiye niliyevunja."

"Siwezi," nikasema.

"Yeo umeweza."

Asubuhi nilivaa buibui, sikumuaga bibi, nikatoka peke yangu. Nilimkuta bibi arusi ndani kwao akitunga kikuba, sinia la asumini magotini, amepakwa singo ya arusi mikononi. Alifurahi kuniona. Nilikaa mbele yake nikayasema yote kwa pumzi moja: ndevu, sauti, pua, tabibu, watoto, na kwamba kaka ndiye aliyenituma.

Akasema, "Umesema na mkeka. Sikusikia hata neno. Sema tena."

Nikainua uso nikamtazama, nikasema tena, moja moja, mpaka neno la watoto. Safari hii alisikia. Sindano ilisimama mkononi mwake.

"Watu wote walijua ila miye?" akauliza mwishowe.

"Watu wateka tu. Anayejua ni sisi, na sasa weye."

"Usimwambie mame. Wala shangazi, huyo hasa. Mwambie kaka yako nitafikiri, na jibu nitalitoa mwenyewe. Na mwambie nimekasirika. Lakini si kwa hayo aliyo nayo. Ni kwa kungoja kwake."

Nikarudi nyumbani, nikamkuta kaka barazani ameketi hajala, nikamweleza kama alivyosema, hata lile la kukasirika. Sikupunguza wala sikutia chumvi.